Nyumba ya Buswelu na Deni la Sangara

Hati ya nyumba yetu ilikaa nje ya sanduku miezi mitano mume wangu asijue. Niliitoa mwenyewe, Februari 2020, siku ambayo yeye alikuwa shuleni anafundisha. Niliiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaizungushia kanga, nikapanda daladala kutoka Buswelu hadi mjini Mwanza. Watu wengi wakinisikia nasimulia hudhani corona ndiyo iliyotuingiza kwenye deni. Corona ilinikuta hati nimeshaitoa.

Nilikuwa mnunuzi wa sangara. Nilikuwa nachukua samaki Ukara na visiwa vya jirani, nawalaza kwenye barafu, boti inashusha Mwanza na kirikuu changu kinapeleka mzigo kiwandani. Wavuvi walinipa samaki kwa kuniamini, nikiwalipa safari inayofuata, na kiwanda nacho kililipa kwa wakati wake. Fedha niliyoizungusha nyingi haikuwa yangu. Mwezi mzuri nilibaki na milioni na nusu mkononi, nikaona sasa nikodi boti kubwa na kuongeza mzigo. Ilihitajika milioni kumi. Benki wangeniuliza maswali na wangemtaka mume wangu aweke sahihi, na mimi nilijua angekataa. Nikaenda kwa mtu anayekopesha mjini, asiye na ofisi yenye bango wala leseni, akanipa fedha siku hiyo hiyo.

Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi. Karatasi niliyotia sahihi haikuandikwa mkopo. Iliandikwa mkataba wa mauziano ya nyumba: kwamba mimi, kwa hiari yangu, nimemuuzia nyumba yangu ya Buswelu kwa shilingi 10,000,000 na nimepokea zote. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hapa panasema nimeuza?" Akajibu, "Ni karatasi tu, dada. Ukimaliza kulipa tunaichana." Mashahidi wawili wakaweka sahihi. Nyumba ile mimi na mume wangu tuliijenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, tukihamia ikiwa haina dari.

Machi ikaja. Minofu ya sangara wa kwetu inaliwa Ulaya zaidi kuliko hapa, na kule hoteli na migahawa ilifungwa na ndege zikasimama. Kilo niliyokuwa naipeleka kiwandani kwa shilingi 7,000 ikashuka hadi 3,500 ndani ya wiki chache, na kuna siku gari liligeuzwa getini kwa sababu wameshapokea mzigo wanaouweza. Sangara hangoji bei ipande. Barafu ikishayeyuka mara ya pili, macho yanazama na nyama inalegea ukiibonyeza kwa kidole. Nikawauzia akina mama wa kayabo, yaani samaki wa chumvi, wakawakaushe, kwa bei ambayo haikurudisha hata fedha ya barafu. Wavuvi wa Ukara nikawa nadaiwa. Mwenye boti nadaiwa.

Mwezi wa nne nikaingia kausha damu, mikopo ya mitaani ya riba kali. Aliyelibuni jina hilo naamini alilibuni kwa uchungu wake mwenyewe. Nilikopa kwa wawili, riba asilimia 20 kwa mwezi, ili nipate fedha ya kulipa riba ya yule wa kwanza. Kila nikikumbuka sentensi hiyo moyo unaniuma, maana kila mtu aliyezama ninayemjua alipita mlango huo huo: kukopa si kwa ajili ya biashara tena bali kwa ajili ya deni. Kufikia Juni riba peke yake ilikuwa inakula karibu milioni mbili kwa mwezi, na mimi nilikuwa siingizi hata laki nne.

Kuna jambo la mwezi Mei mwaka ule ambalo sikulielewa wakati huo. Benki Kuu ilitangaza hatua za kuwapunguzia watu makali: riba yake kwa mabenki ikashuka kutoka asilimia 7 hadi 5, na mabenki yakaruhusiwa kukaa na wakopaji walioumia na kupanga upya mikopo yao. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikwenda kwenye tawi lake na akasogezewa marejesho. Mimi nilikuwa na wakopeshaji watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeguswa na tangazo lile. Msaada ulipita juu ya vichwa vyetu kwa sababu tulikopa mahali ambapo msaada haufiki.

Nilimwambia mume wangu Julai, wiki ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Alikuwa mezani anasahihisha mitihani. Nikamwambia, "Baba watoto, hati haipo sandukuni." Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kuweka alama kwenye swali alilokuwa analisoma, akaandika jumla, akaigeuza karatasi ile kifudifudi. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akanisogezea pamoja na kalamu yake nyekundu.

"Andika," akasema. "Wote. Usinifiche hata mwenye barafu."

Nikaandika. Mkopeshaji mwenye mkataba wa nyumba, milioni 12, kwa kuwa riba ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa. Kausha damu wawili, 6,900,000. Wavuvi na mwenye boti, 5,500,000. Kikoba, milioni tatu. Akajumlisha yeye: 27,400,000. Akaandika tarehe juu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake. Usiku ule hatukusema neno jingine, na asubuhi aliondoka bila chai. Siku tatu alikuwa ananijibu nikimsalimia, basi. Siwezi kumlaumu. Lakini karatasi aliichukua, akaiweka kwenye mfuko wa shati, na siku ya nne alikuwa ameshaongea na wakili anayesaidia watu bila malipo.

Wakili yule, mama wa makamo, aliusoma mkataba mara mbili kisha akamuuliza mume wangu swali moja: "Mwalimu, wewe uliridhia?" Akasema hapana, hata hakuwa na habari. Ndipo tulipoelezwa jambo ambalo natamani kila mwanamke na mwanaume mwenye nyumba alijue. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja peke yake. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai ridhaa hiyo kabla nyumba ya wanandoa haijawekwa rehani. Pia mkopeshaji alitakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wakili hakutuambia tukimbie deni. Alituambia, "Fedha mlikula, mtalipa. Nyumba hamkuuza." Aliandika barua ya kurasa mbili.

Barua ile ilimfanya mkopeshaji akubali kukaa. Alitaka kumi na nne, tukaishia kumi na moja, na hati akasema ataitoa siku atakayoiona fedha yote. Tukaiuza kirikuu, milioni saba. Nne zilizobaki alitoa shemeji yangu wa Misungwi kwa kuuza ng'ombe saba. Mama mkwe wangu ndiye aliyemwambia auze. Alinipigia simu, akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza mvua, mwisho akasema, "Mwanangu, ng'ombe wanazaliwa. Kalete hati ya wajukuu wangu." Nililia nikiwa nimesimama stendi ya Buzuruga katikati ya watu.

Hati ilirudi mwishoni mwa Agosti, na mkataba wa mauziano tuliuchana mbele ya wakili baada ya mkopeshaji kuandika kuwa yeye hatudai tena. Lakini deni lilikuwa limehama tu. Shemeji milioni nne, kausha damu wale wale, Ukara, kikoba. Jumla 19,400,000.

Hapo likaja suala la kuweka hati benki, safari hii kwa njia ya mlango wa mbele. Mume wangu hakutaka kulisikia. Nami sikuwa na haki ya kumshawishi, kwa hiyo nilinyamaza, nikaacha hesabu iongee. Alikaa na kikokotoo Jumamosi nzima. Kausha damu asilimia 20 kwa mwezi. Benki asilimia 18 kwa mwaka mzima. Deni lile lile la milioni 6.9 kwa kausha damu lilikuwa linazaa karibu milioni 1.4 kila mwezi, na kwa benki lingezaa laki moja na ushee. Jioni akaniita. "Tutaweka," akasema, "lakini hakuna hata shilingi moja itakayorudi ziwani."

Sharti hilo ndilo lililotuokoa, na nitalirudia kwa kila atakayeniuliza. Mimi moyoni nilikuwa bado naota kuongeza milioni tano nirudi Ukara bei ikipanda. Nilikuwa nasikia kwa wenzangu kwamba ndege za mizigo zimeanza kurudi, kwamba mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa sangara, yanatafutwa. Mfanyabiashara aliyeanguka anaona mwanga kwenye kila tundu. Yeye hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mwalimu wa hesabu, na alijua kwamba nyumba hailipi mkopo. Mkopo unalipwa na fedha inayoingia kila mwezi. Nyumba inasubiri tu kuona kama umeshindwa.

Mthamini alikuja, akapima, akapiga picha hadi tangi la maji. Thamani ya soko akaandika milioni 62. Thamani ya mauzo ya haraka, yaani kile ambacho benki inadhani itapata ikiuza kwa mnada, milioni 43. Nilishangaa jinsi nyumba inavyopoteza milioni 19 kwa neno moja tu, haraka. Afisa mikopo akatuambia kwa thamani hiyo na mshahara wa mwalimu tungeweza kupata hadi milioni 30. Alisema kwa wema, kama anayetupa zawadi. Mume wangu akamjibu tunataka 22: madeni 19,400,000, gharama za uthamini, ushuru wa stempu, usajili wa rehani na bima ambazo zilifika kama milioni moja na laki nne, na iliyobaki milioni moja na laki mbili ikae akaunti kama akiba ya karibu marejesho mawili.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingeuliza: "Riba ni ya salio linalopungua, au ya mkopo wote hadi mwisho?" Afisa akasema ya salio. Akamwomba amwandikie. Nyumbani alinionyesha tofauti kwa kalamu yake nyekundu. Milioni 22, miezi 48, asilimia 18. Ikiwa riba inakokotolewa kwenye salio linalobaki, rejesho ni kama 646,000 na riba yote kwa miaka minne ni milioni tisa hivi. Ikiwa inakokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo bila kujali umeshalipa ngapi, rejesho linakuwa 788,000 na riba inakaribia milioni 16. Asilimia ni ile ile 18. Milioni karibu saba zinajificha hapo, na mabango ya wakopeshaji hayakwambii.

Mbele ya wakili wa benki tuliweka sahihi wote wawili, na picha zetu zikabandikwa. Nilitazama mkono wake unavyoandika jina lake chini ya neno ridhaa. Miezi tisa nyuma niliruka nafasi hiyo.

Rejesho la kwanza lilikuwa Desemba 2020. Mshahara wake baada ya makato ulikuwa laki saba na kitu, hautoshi kulipa na kula. Kwa hiyo tulihama nyumba yetu bila kutoka kwenye kiwanja. Uani tulikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha, viwili vikiwa tupu kwa sababu wapangaji walirudi kwao. Tukahamia humo na watoto watatu, na nyumba kubwa tukaipangisha kwa laki tatu kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa inalipa karibu nusu ya rejesho lake yenyewe. Tulichangia choo na mpangaji wa chumba cha tatu. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa anawaambia rafiki zake kwamba nyumba inapakwa rangi. Ilichukua miaka kupakwa rangi hiyo. Mimi nilianza kukaanga samaki jioni pale senta, kwa sufuria moja na mtaji wa shilingi 60,000. Sato wadogo, na siku nyingine mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, kutoka viwandani. Chakula na ada vilitoka kwenye mafuta yale.

Wavuvi niliwapelekea fedha yao mwenyewe. Ningeweza kutuma kwa simu. Lakini watu wale walinipa jasho lao bila karatasi, nami niliwakimbia miezi minane nikizima simu. Nikapanda meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kisha kivuko kuelekea Bwisya. Hapo karibu na gati ndipo MV Nyerere ilipozama Septemba 2018, na ukivuka unaona watu wanavyonyamaza kivuko kikikaribia. Kati ya wadai wangu, wawili walizika ndugu siku zile. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu chini ya mwembe. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba bila kuacha kushona. Nikamhesabia 740,000. Akahesabu tena taratibu, akazifunga kwenye kitambaa, akasema, "Tulijua utakuja, ila hatukujua lini." Akamwambia mkewe anipe uji. Ule uji niliunywa kwa shida.

Mwenzangu mmoja wa kikoba aliweka hati yake benki miezi ile ile. Alichukua milioni 25, akalipa madeni ya nusu, nusu akairudisha kwenye sangara na mabondo akiamini bei imegeuka. Iligeuka kidogo, ikarudi chini, naye akakosa marejesho ya miezi mitatu. Benki ilimpelekea notisi ya siku 60 kama sheria inavyotaka. Akaiweka kwenye droo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiiona bahasha tu mwili unatetemeka, akawa haifungui. Siku 60 zile ndizo ambazo angeweza kwenda kuomba mkopo upangwe upya, au kutafuta mnunuzi mwenyewe na kuuza kwa bei ya soko, akalipa benki na kubaki na kiwanja pengine. Nyumba ilikwenda kwa mnada. Sheria ya Ardhi inamtaka anayeuza atafute bei bora inayowezekana, na ukiona imeuzwa chini ya soko kwa robo nzima au zaidi una hoja ya kupeleka mahakamani. Lakini kesi inataka fedha na moyo, na yeye hakuwa na kimoja wapo. Sasa amepanga Igoma. Nikienda kumtembelea tunaongelea mambo mengine.

Nasi tuliteleza. Machi 2022 mtoto wa mwisho alilazwa Bugando wiki mbili, na rejesho likawa linakaribia bila fedha kutosha. Ile akiba ya milioni na laki mbili ndiyo iliyolipa. Mwezi uliofuata mume wangu alikwenda benki kabla hawajatupigia, akaeleza, akaomba tulipe kwa mafungu mawili. Walikubali. Nimejifunza kwamba mdaiwa anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Rejesho la 48 lililipwa Novemba 2024. Nilidhani siku hiyo tutaondoka na hati mkononi, kumbe rehani hufutwa kwa Msajili wa Hati ndipo unakuwa huru, na usipofuatilia inaweza kukaa hivyo hivyo kwenye daftari lao. Tulifuatilia hadi Februari. Mume wangu aliipokea hati, akaisoma ukurasa hadi ukurasa palepale kaunta, watu wakisubiri nyuma yetu, kisha akanipa mimi niibebe.

Iko sandukuni. Ile karatasi ya kalamu nyekundu imo ndani yake, na kila jina limekatwa mstari. Ng'ombe wa shemeji tuliwalipa siku ile ile fedha ya benki ilipotoka, na mama mkwe alizinunulia mitamba minne. Mimi bado nakaanga samaki, sasa nina wasichana wawili wanaonisaidia, na dagaa wa kukaanga nafunga kwenye vifungashio napeleka madukani. Ziwani sijarudi. Mpangaji wa nyumba kubwa mkataba wake unaisha Juni. Watoto wanataka turudi ndani, mume wangu anasema kodi hiyo ilipe ada ya binti mkubwa aliyeingia kidato cha nne. Bado tunaongea.